Jina Juu ya Msalaba Mweusi

Kikohozi cha Martine kilikuwa cha namna mbili, na katika kambi nzima ya wafanyakazi wa reli hakuna aliyezitofautisha ila mama yake. Cha kwanza kilikuwa kikavu, cha juu juu, cha vumbi la mwezi wa saba, wakati baridi ya Élisabethville inapopasua midomo na upepo unapotelemsha moshi wa kiwanda cha shaba mpaka kwenye vyungu. Cha pili kilitoka chini, kizito, kama mtu anayesukuma kabati sakafuni. Mama Régine alisikiliza huku akisonga bukari, huku akiongea na majirani, huku akisali rozari. Kikija kile cha kwanza, mkono wake uliendelea na kazi. Kikija cha pili, mwiko ulisimama.

Jirani yake Ngalula, mwanamke wa Kasai aliyeuza mikate ya kukaanga mbele ya geti la kambi, alikuwa amemzoea, lakini hakuacha kumtania.

"Wee mama Martine, huyu mutoto unamulinda kama yai ya kuazima. Siku moja atapasuka kwa kulindwa."

"Cheka tu. Wewe uko nao sita. Mi niko na moja."

Aliwahi kuwa nao watatu. Lucien alichukuliwa na surua akiwa na miaka minne. Jeanne, aliyemfuata, alifika tisa, akaenda kwa homa ambayo haikumaliza hata juma. Baba yao, Godefroid, ambaye kazi yake ilikuwa kufunga na kufungua mabehewa stesheni, aliomba vipande viwili vya mbao za behewa bovu, akaviandika kwa lami, akavisimamisha kwenye makaburi ya watoto. Jina juu, umri katikati, msalaba chini. Mama Régine hakusoma sana. Herufi alifundishwa kwenye katekisimu, wakati wa kujiandaa kwa ndoa, akajua kuandika jina lake na kusoma kwa kutambaa. Kusoma bila kusitasita alijifunzia kwenye vibao vile. Kila sikukuu ya wafu alivipangusa na kuvisoma: Lucien, nne, msalaba. Jeanne, tisa, msalaba.

Martine alikuwa na miaka kumi na mmoja. Alikuwa amekwisha kumpita dada yake, na kila mwezi uliopita mama yake alijisikia kama mtu anayevuka daraja la reli ambalo mafundi hawajalimaliza: mbao ziko, lakini nani amezijaribu?

Mtoto alisoma kwenye shule ya wasichana ya watawa. Asubuhi hesabu na dini, mchana kushona. Mwalimu wa kushona alikuwa Masœur Delphine, mtawa mrefu kutoka Ubelgiji, ambaye kabla ya kutazama uso wa kazi ya msichana aliigeuza kwanza aone mgongo. "Uso unaweza kudanganya," alisema. "Mgongo hauwezi." Juu ya meza yake alikuwa ametundika kitambaa cha zamani ndani ya fremu ya kioo. Zamani huko kwao, kila msichana alishona kitambaa cha namna hiyo ili kujifunza. Herufi zote, tarakimu zote, ndege, mti, nyumba yenye bomba la moshi, vyote kwa misalaba midogo ya uzi iliyohesabiwa tundu kwa tundu. Mwisho, chini kabisa, aliweka jina lake na umri wake. Hiki kilikuwa cha msichana aliyeitwa Philomène, na kilikuwa na zaidi ya miaka mia.

Kwa maonyesho ya mwaka ule Masœur Delphine alitaka wasichana washone nakala yake. Huyu alipewa mstari wa herufi, yule alipewa ndege. Kitambaa kizima, kuanzia A mpaka jina, alipewa Martine peke yake, kwa sababu ya umri wake na kwa sababu mkono wake ulitulia.

Mama Régine alifurahi, na furaha yenyewe ikamtia wasiwasi, kwa maana aliogopa vitu vinavyomtoa mtoto mbele ya wenzake. Lakini jioni baada ya jioni alimsikiliza Martine akisimulia. Walikuwa wamechemsha uzi kwenye chai ili rangi ichoke kama ya zamani. Ndege mmoja wa Philomène alikuwa na mguu mmoja, kwa kuwa Philomène alikosea kuhesabu, na wao waliamriwa wamshone vilevile.

"Na mguu mumoja?" aliuliza Godefroid akicheka. "Maskini, atarukaruka mpaka kiama."

"Masœur anasema kopi ni kopi, baba. Kosa yake pia tunaifwata. Jina tu ndiyo ya kubadilisha. Ukiweka jina ya mwingine kwa kazi yako, ni bongo, unadanganya bantu."

Jumamosi moja kabla ya maonyesho, Martine aliruhusiwa kuja na kitambaa nyumbani amalizie sehemu ya mwisho, maana saa za darasani zilikuwa hazitoshi. Alikaa kwenye kigoda mlangoni, penye mwanga, akashona mpaka jua lilipofika juu ya paa la Ngalula. Kisha akamwita mama yake.

Mama Régine alifuta mikono, akainama. Alisifu nyumba. Alimgusa kidogo yule ndege wa mguu mmoja. Halafu macho yake yakashuka chini.

MARTINE. Chini ya jina, 11. Chini ya 11, msalaba mweusi.

Misalaba ile mingine yote, iliyotengeneza herufi na mti, ilikuwa midogo kama chembe za ulezi, na rangi yake ya chai. Huu ulikuwa mkubwa, umesimama wima peke yake, mweusi wa lami.

"Huu musalaba ni wa nini?" aliuliza.

"Iko kwa ile ya zamani. Iko vile vile, chini ya jina."

"Jina ya nani?"

"Ya Philomène."

"Na Philomène iko wapi?"

"Alikufa, mama. Ni muntu wa zamani."

"Hapa aliandika miaka ngapi?"

"Kumi na moja, kama mi. Ni kwa ile Masœur alinichagua." Martine akageuza kitambaa, mwenye fahari. "Angalia mugongo. Hakuna fundo hata moja."

Mama Régine aliangalia mgongo, akasema ni mzuri, akaenda nyuma ya nyumba akasimama penye jiko bila kufanya lolote. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, watu husema, kana kwamba ni upumbavu. Lakini wao hawakuumwa mara mbili.

Godefroid alipotoka kazini alimweleza, kwa sauti ya chini, mtoto akiwa bombani kuteka maji.

"Ni uzi, bibi," alisema Godefroid.

"Na kule ni lami. Mutoto alikufa na miaka kumi na moja, sasa banatoa jina yake, banatia ya wangu. Ile nafasi ni ya kaburi, baba Martine. Umeandika mbao mbili, hauione?"

"Masœur anaweza kuandikia mutoto kaburi? Muntu wa Mungu?"

"Sisemi amependa. Muntu anaweza kufungua mulango bila kujua nani anasimama inje."

 Godefroid pia alikuwa na vibao vyake kichwani, ila hakuvitaja. "Kama unaogopa vile, Lundi, kesho kutwa, uende umuulize."

Lakini amuulize vipi? Mama Régine alijiona amesimama mbele ya mtawa, akisema habari za majina na makaburi, na mtawa akikunja uso: mwanamke aliyebatizwa, aliyefunga ndoa kanisani, bado na mambo ya kishenzi? Na kitambaa angepewa msichana mwingine, na Martine asingemsamehe. Wala hakuwa na hakika kwamba Jumatatu itamkuta mtoto. Alfajiri iliyofuata, kabla ya honi ya stesheni, Martine alikohoa. Kilikuwa cha pili, cha kusukuma kabati.

Jumapili, kwa mara ya kwanza tangu ndoa yake, Mama Régine hakwenda Misa. Alisema miguu inamuuma. Godefroid alimtazama muda mrefu, akamshika Martine mkono, wakaondoka.

Alifunga mlango, akafungua kitambaa mezani. Kwa ncha ya sindano akaanza kufumua, herufi kwa herufi, akianzia mwisho ili jina lisibaki limekatika katikati kama jina la mtu asiyejulikana. Uzi aliutunza, hakukata. Akatoa zile moja mbili za umri. Ilipofika zamu ya msalaba, mkono ulikataa. Kufumua msalaba siku ya Mungu, saa ya Misa, na yeye ametoroka Misa? Na zaidi ya hapo, msalaba ulikuwa umekwisha kuingia nyumbani. Ukiufukuza hapa, utaenda kukaa wapi?

Akauacha. Lakini alipoinua kitambaa akaona ni vibaya kuliko mwanzo. Nafasi tupu juu ya msalaba, matundu ya sindano yakiwa wazi kama vinywa. Kibao kisicho na jina kinangoja jina. Kinaweza kuchukua lolote.

Basi akachukua uzi uleule uliotoka kwenye jina la mtoto, akatunga sindano mara kadhaa kabla haujapita, akaandika jina pekee alilojua kuliandika bila kuuliza mtu. RÉGINE. Herufi zilipanda na kushuka kama nyumba za mtaa uliojengwa bila kamba. Umri hakuweka. Aliyezaliwa kijijini, kabla padri hajafika na daftari, angeweka umri gani?

Alipomaliza alihisi wepesi aliokuwa hajausikia kwa siku nyingi. Kama kuna wa kuitwa, ataitwa mtu mzima. Akakikunja kitambaa ndani ya gazeti, akalipiga pini, na Martine aliporudi na kutaka kukiangalia tena, akamkatalia. "Utakichafua. Iko tayari, acha ilale."

Jumatatu mchana Martine alirudi akiwa hana vumbi miguuni, yaani alipita katikati ya barabara ya lami, mbali na vijia vya watu, kama mtu asiyetaka kuongea na yeyote. Hakulia. Aliweka mfuko wake chini.

"Masœur anakuita. Sasa hivi."

"Martine..."

"Bote banacheka. Banasema mama Martine anataka aingie darasa ya batoto, anatafuta pointi. Kwa nini, mama? Nilikosa nini?"

 Mama Régine alijifunga kitambaa cha kichwa cha siku za kanisa. Ngalula, aliyekuwa akigeuza mikate yake getini, alimwona anavyotembea akaacha utani. "Mukwetu, kuna mugonjwa?"

Kwenye chumba cha kushona hapakuwa na mtu ila Masœur Delphine. Kitambaa kilikuwa mezani, kimelazwa kifudifudi.

"Keti, Mama Martine. Angalia mwenyewe. Juu hapa, mgongo safi. Hapa chini, mafundo kama mtu amefunga mbuzi. Na misalaba ya jina imelala upande mwingine. Mkono wa Martine haulazi hivyo. Nani ameshona?"

"Ni mi, Masœur."

"Najua ni wewe," alisema mtawa. "Umetia sahihi."

Mama Régine hakujua kama ule ulikuwa mzaha. Alitazama mikono yake. Halafu, kwa kuwa hakuwa na uongo wowote uliokamilika, akasema kweli. Alisema juu ya mbao za behewa. Lucien, nne. Jeanne, tisa. Alisema namna mtu anavyojifunza kusoma, na kwamba asiyejua maandishi mengi huogopa machache anayoyajua. Alisema Martine anakohoa. "Sikutaka kuharibu kazi ya mutoto, Masœur. Nilitaka ile nafasi ikamate mi, imuache yeye. Unisamehe. Na jana sikufika Misa, miguu haikuwa inauma."

Mtawa hakukunja uso.  Aliinuka, akatoa fremu ukutani, akailaza mezani kando ya kitambaa kipya.

"Nani alikwambia Philomène alikufa mtoto?"

"Hakuna muntu alisema. Ni alama. Jina, miaka, musalaba."

"Philomène alikuwa nyanya yangu, mama wa mama yangu. Mimi nilimjua hana jino hata moja, anaiba sukari kabatini na kunisingizia mimi. Ndiye aliyenifundisha kushika sindano." Akagusa kioo kwa kidole, juu ya ile alama nyeusi. "Huu si wake. Mwaka ule alipokuwa akishona, mama yake alifariki. Walimruhusu aweke msalaba mmoja, chini ya jina lake, kwa ajili ya mama yake. Sikuwaeleza wasichana. Kila siku naupita bila kufikiri. Niliwaambia tu kopi ni kopi."

Mama Régine aliinama juu ya kioo. Aliusoma mstari wa jina kwa kutambaa, herufi baada ya herufi, mpaka mwisho. Pumzi ikamtoka, ndefu, kana kwamba alikuwa ameishikilia tangu Jumamosi. Mtoto aliandika jina, akaishi mpaka meno yakaisha. Jina halikuwa limeitwa popote.

Halafu fikra ya pili ikaja nyuma ya ile ya kwanza, polepole. Akatazama kitambaa kipya. RÉGINE, na msalaba chini yake. Mkono wake mwenyewe, bila kuambiwa na mtu, ulikuwa umeweka mama mahali pa mama.

Masœur Delphine alikuwa akiendelea kuongea. "Martine atafumua jina lako aandike lake. Siku zinatosha. Na huu msalaba, kwa kuwa wewe uko hai na umekaa mbele yangu, tutautoa. Kopi au si kopi."

"Hapana, Masœur," alisema Mama Régine.

"Hapana?"

"Jina ya mutoto irudi. Lakini musalaba iache. Kama ni ya mama, iache pale."

Mtawa alimtazama akingoja maelezo. Mama Régine angeyasemaje? Kwamba kitu kilichokwisha kupata mahali pake hakitafuti pengine? Kwamba kwa miaka yote hiyo amekuwa akiomba jambo hili moja, mpangilio wa kawaida, mkubwa kwanza na mdogo baadaye, na hapa mtu ameuandika kwa uzi?

Martine aliitwa. Aliingia akitazama sakafu. Alipoona mama yake hafokewi aliinua macho kidogo.

"Mama yako alikuwa na sababu," alisema Masœur Delphine. "Atakueleza nyumbani, au siku ukiwa na mtoto wako. Leta sindano. Uzi wa chai umekwisha, tumia huohuo."

Martine alifumua RÉGINE kwa mkono uliotulia, bila kuvuta kitambaa. Uzi ulikuwa umejikunja kwa kushonwa na kufumuliwa. Aliulowesha, akaunyoosha kati ya vidole, akaanza kuhesabu matundu. Mama Régine alikaa kando yake mpaka herufi ya M iliposimama.

"Ulishonaka upande mubaya," Martine alinong'ona, bado na kinyongo.

"Nani alinifundisha?"

Msichana aligeuza kitambaa kidogo upande wa mama yake, ili aone sindano inapopita.

Siku ya maonyesho ukumbi ulijaa. Wake wa mabwana wakubwa walipita na kofia zao, wakainama mbele ya kitambaa cha Martine na kile cha fremu, wakatafuta tofauti kama watu wanaotafuta kiroboto. Mmoja alicheka alipoona ndege wa mguu mmoja mara mbili. Ngalula, aliyekuja na mkate wa kukaanga ndani ya leso, alisema kwa sauti isiyo ndogo kwamba ukiangalia sana pale chini, uzi wa jina unaonekana umechoka kuliko mwingine, sijui kwa nini. Godefroid alimkanyaga mguu kwa makusudi.

Martine alikohoa. Mama Régine alisimama kusikiliza. Kavu, cha juu juu. Vumbi.

Walirudi kambini kwa miguu, mtoto na baba mbele, yeye nyuma kidogo, upepo ukileta moshi wa kiwanda barabarani. Karibu na geti koo lilimkereketa akakohoa yeye mwenyewe, mara moja. Alisimama. Aliweka mkono kifuani akangoja aone kama kitarudi, na kama kikirudi kitakuwa kipi kati ya viwili.

Mbele yake Martine aligeuka. "Mama, unakuja?"

"Nakuja," alisema, akaongeza hatua.